PICHA ZA KIKUNDI KWENYE TELEVISHENI: SOMO LA KUTUMIA KING'AMUZI



Vikundi vingi vya Ntimaru, Kegonga na hata vya upande wa Kehancha siku hizi vina picha. Kuna picha za chemchemi iliyojengewa, za miche kwenye kitalu, za mbuzi wa maziwa, za siku ile afisa wa kilimo alipokuja kutufundisha matuta. Picha hizo zimo ndani ya kamera ndogo ya dijitali au ndani ya simu ya katibu, na huko ndiko zinakolala. Siku ya mkutano simu inazungushwa mkono kwa mkono. Mama wa kwanza anaangalia. Wa pili anagusa kioo kwa bahati mbaya, picha inaruka. Wa tano anapewa simu imeshazimika. Yule mzee wa mwisho anasema "nimeona" ili asisumbue watu. Kila mtu ameona peke yake, na hakuna neno lililozungumzwa pamoja.

Somo la safari hii ni njia ya kuweka picha hizo mbele ya kikundi chote kwa kutumia kitu ambacho pengine kiko tayari nyumbani kwa mmoja wenu. Kitu hicho ni king'amuzi, lile sanduku dogo linalokaa chini ya televisheni, ambalo wengi wetu huku tunaliita dikoda. Kazi yenyewe si ngumu, hata mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta ataiweza. Lakini kuna mahali pawili ambapo vikundi vimeumia, na hapo tutakaa kidogo: swali moja ambalo king'amuzi huuliza, na ruhusa ya watu waliomo kwenye picha.

Sanduku hili lilikujaje

Wenye umri wetu tunakumbuka televisheni ya zamani. Ulikuwa unanunua seti, unasimamisha antena juu ya mti au bomba refu, mtoto anaizungusha huku mwingine ndani akipiga kelele "hapo! hapo! umepita!" Basi. Halafu yakaja mambo ya dijitali. Mwaka 2006, mjini Geneva, nchi za Afrika, za Ulaya na nyingine zilikubaliana kuhama kutoka matangazo ya zamani, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa mwisho wa kipindi cha kuhama. Wenzetu wa Tanzania walianza kuzima mitambo ya zamani Desemba 2012, wakianzia Dar es Salaam. Kwetu Kenya ilizimwa mwaka 2015, baada ya kesi ndefu iliyofika hadi Mahakama ya Juu. Aliyekuwa na televisheni ya zamani akalazimika kununua king'amuzi, la sivyo aangalie kioo cheusi. Manung'uniko yalikuwa mengi, na mengine yalikuwa ya haki kabisa.

Lakini sanduku hilo lililotugharimu linafanya zaidi ya kazi tuliyolinunulia. Matangazo ya dijitali hayaji kama picha. Yanakuja kama hesabu nyingi sana, na king'amuzi kinazigeuza ziwe picha na sauti. Kwa maneno mengine ni kompyuta ndogo. Picha ya kamera ya dijitali nayo, ikiwa ndani ya kadi, ni hesabu tu. Kwa hiyo watengenezaji wengi wamekipa king'amuzi tundu la USB, lile tundu jembamba la pembe nne mbele au nyuma ya sanduku. Mwenye nyumba anachomeka flashi hapo ili arekodi kipindi au mpira na kuangalia baadaye. Tundu hilohilo husoma pia nyimbo na picha.

Wala huhitaji mawimbi wala kulipia mwezi ili kuangalia picha zako mwenyewe. Antena ikianguka, dishi likipinduliwa na upepo, picha za kikundi zitaonekana vilevile.

Tahadhari moja: si kila king'amuzi kinakubali. Vingine, hasa baadhi ya vile vya kulipia, tundu lake ni la fundi tu. Kwa hiyo mjaribu nyumbani siku moja kabla ya mkutano, wala msijaribu mbele ya watu thelathini waliotoka shambani. Na mtazame pia televisheni yenyewe. Zile bapa za siku hizi nyingi zina tundu la USB ubavuni, na hapo hamhitaji hata hicho king'amuzi. Maelezo yanayofuata yanafaa kwa zote mbili.

Vitu vya kuandaa

Picha zikiwa kwenye kamera, zimo ndani ya kadi ndogo ya kumbukumbu, upana wake kama stempu ya barua. Kadi hiyo haiingii kwenye tundu la USB. Kuna njia tatu.

Njia ya kwanza na iliyo bora ni kununua kisoma kadi. Ni kidude kidogo kama flashi chenye mdomo wa kumeza kadi, na kinapatikana kwenye maduka ya simu, ukikosa Kegonga utapata Isebania au Migori mjini. Njia ya pili ni kwenda kwa kijana mwenye kompyuta akunakilie picha kutoka kadi kwenda kwenye flashi. Mwambie anakili, asihamishe. Kunakili kunaacha picha pale zilipokuwa, kuhamisha kunaziondoa. Njia ya tatu ni waya wa kamera wenyewe. Kamera nyingi za zamani kidogo zilikuja na waya wenye vichwa vya rangi, cha njano kikiwa cha picha na cheupe cha sauti. Huo unaenda moja kwa moja kwenye matundu ya rangi hizohizo ya televisheni, na kamera yenyewe ndiyo inayoonyesha. Mkitumia huo, tazameni ndani ya mipangilio ya kamera: palipo na uchaguzi kati ya PAL na NTSC, wekeni PAL, maana huo ndio mtindo wa televisheni za kwetu. Mtindo mwingine unaweza kuleta picha isiyo na rangi au inayopandapanda.

Wengine huchukua waya wa USB wa kamera na kuuchomeka kwenye king'amuzi. Mara nyingi hautafanya kazi, kwa sababu kamera nyingi zinazungumza na kompyuta kwa lugha ambayo king'amuzi hakijui. Msipoteze asubuhi nzima kwa hilo.

Wenye simu, wekeni picha kwenye flashi kupitia kompyuta, au kama simu ina kadi ndogo ya kumbukumbu, itoeni mkaiweke ndani ya ganda lake na kisha kwenye kisoma kadi. Mjue kwamba king'amuzi kinatambua picha ambazo jina lake linaishia na "jpg". Karibu kamera zote hupiga za aina hiyo. Baadhi ya simu mpya za bei ghali hupiga za aina nyingine, na hizo king'amuzi kitazipita kana kwamba hazipo.

Swali la hatari

Hapa naomba katibu asome polepole, na arudie.

Ukichomeka flashi au kadi, wakati mwingine king'amuzi kinaleta maandishi ya Kiingereza kikiuliza kama ukubali ku-"FORMAT". Huuliza hivyo hasa mtu anapobonyeza kitufe cha kurekodi, au kinapokuta flashi iliyopangwa kwa namna kisiyoielewa. Chini yake kuna YES na NO, au kuna OK peke yake. Maana ya neno hilo ni hii: "Je, nifute kila kitu kilichomo humu nianze upya?" Halisemi hivyo waziwazi. Linaonekana kama swali la kawaida, na kidole kwa mazoea kinakwenda kwenye OK.

Kikundi kimoja cha kina mama, jina lake siliandiki, kilikuwa kinajengea chemchemi. Walikubaliana kwamba nyumba iliyotoa mtu wa kuchimba mtaro na kusomba mawe ingeteka maji mwaka mzima bila ada, na wasiotoa mtu wangelipa kila mwezi. Kwa kuwa wengi hawakuandika, kila siku ya kazi walipigwa picha wakiwa wamesimama na majembe yao. Hiyo ndiyo iliyokuwa rejista. Picha za miezi kadhaa zilikuwa kwenye flashi moja, na kwenye kamera zilikuwa zimeshafutwa ili kupata nafasi. Flashi ikawekwa nyumbani palipokuwa na televisheni. Jumamosi moja kijana wa nyumba hiyo akataka kurekodi mpira. King'amuzi kikauliza, kijana akabonyeza OK. Hakuwa na nia mbaya, hakujua hata ni flashi ya nani.

Ilipofika siku ya kuandika majina ya wasiolipa, kila mtu alikuwa amechimba. Wapo waliochimba kweli na wakakosa wa kuwashuhudia, hasa wajane wawili wanaokaa mbali na barabara. Wapo ambao nina hakika hawakuinua hata jiwe moja na wakaandikwa. Wajane wale walilipa. Maji wanayateka mpaka leo, lakini kwenye mkutano hawaji tena.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Flashi ya kikundi iwe ya kikundi tu, ifungwe kitambaa cha rangi au uzi, isitumike kurekodi chochote. Atakayetaka kurekodi mpira au taarifa ya habari anunue yake. Na vipindi ni vikubwa: picha moja ya kamera ni kama MB 3 hadi 5, kwa hiyo flashi ndogo ya GB 4 hubeba picha mia nane hivi, lakini saa moja ya kipindi cha televisheni inaweza kula GB 1 au zaidi. Flashi ya kurekodia hujaa haraka, na ikijaa ndipo watu huanza kufuta wasivyovijua.

Pili, mkitumia kadi ya kamera kuna ulinzi wa bure ambao wengi hawaujui. Tazameni ubavuni mwa kadi. Kuna kidude kidogo kinachoteleza juu na chini, kimeandikwa LOCK. Kisukumeni upande wa hilo neno kabla ya kuingiza kadi kwenye kisoma kadi. Hapo kadi inasomeka lakini kwa kawaida haiandikiki wala haifutiki, hata mtu akibonyeza OK mara kumi. Kadi ndogo za simu hazina kidude hicho, lakini ganda lake linacho. Mkimaliza, kirudisheni, la sivyo kamera itakataa kupiga picha mpya na mtadhani imeharibika.

Tatu, picha ziwe mahali pawili kila mara. Flashi moja kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina au parokiani. Nyumba zinaungua, panya wanatafuna, flashi inapotea mfukoni mwa koti. Pia msichomoe flashi ikiwa inasoma. Tokeni kwanza kwa kitufe cha EXIT, ndipo mchomoe.

Na kama swali limeshajibiwa vibaya? Chomoeni flashi saa hiyohiyo na msiweke kitu kingine chochote juu yake. Mara nyingi kinachofutwa kwanza ni orodha ya mahali picha zilipo, picha zenyewe zinabaki mpaka zifunikwe na kitu kingine. Fundi mwenye kompyuta na programu ya kufufua anaweza kurudisha nyingi, pengine zote. Kwa kina mama wale mpira ulikuwa umerekodiwa juu yake dakika tisini na ushee, na fundi alipata picha chache tu.

Kuonyesha

Washeni televisheni na king'amuzi, ingizeni flashi, ngojeni kidogo. Kwenye rimoti bonyezeni MENU, tafuteni palipoandikwa USB au MEDIA, halafu PHOTO au PICTURE. Vingine vina kitufe chake moja kwa moja. Mtaona mafoda. Karibu kamera zote za dijitali huweka picha ndani ya foda linaloitwa DCIM; fungueni hilo, na lingine ndani yake lenye namba inayoanza na 100 au zaidi. Hapo ndipo picha zilipo. OK inafungua moja, mishale inapeleka mbele na nyuma. Kuna kuonyesha kwa kujiendesha, picha ikibadilika kila sekunde chache. Mimi sipendi hiyo. Picha inaondoka kabla bibi hajamtambua mjukuu wake.

Picha hufuatana kwa namba zilizopewa na kamera. Kama mnataka mpangilio wenu, kijana wa kompyuta azipe majina mapya, 01, 02, 03. Chagueni kama ishirini. Picha mia mbili zinachosha watu, na zaidi ya nusu ni za mtu yuleyule akinyoosha shati.

Zikionekana zimelala ubavu, ni kwa sababu mpigaji alisimamisha kamera wima. Rimoti nyingi zina kitufe cha kuzungusha. Lakini dawa ya kweli ni kupiga picha kamera ikiwa imelala, kwa kuwa televisheni nayo ni pana kuliko urefu wake.

Sasa jambo linalowashangaza wengi: picha iliyo safi kwenye kamera inaonekana na ukungu kwenye televisheni kubwa. Kamera haina kosa. Picha ya kamera ya kawaida inaweza kuwa na nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo, yaani nukta milioni 12. Waya wa njano unapitisha nukta kama 720 kwa 576 tu, ambazo hazifiki hata nusu milioni. Kila nukta ishirini na tisa zimebanwa kuwa moja. Kama sanduku na televisheni vina tundu la HDMI, lile bapa lenye mabega yaliyokatwa, tumieni waya huo, utapitisha nyingi zaidi.

Kwa picha ya mbuzi au ya shamba si neno. Ila kwa vitabu vya hesabu ni neno kubwa, na hapa ndipo naona faida iliyo kubwa kuliko zote. Kikundi kinaweza kupiga picha ukurasa wa daftari la fedha na kuuweka mbele ya wote: pesa zilizoingia, zilizotoka, jina la aliyekopa, sahihi au alama ya kidole gumba. Mweka hazina mwaminifu anafurahi, na asiyekuwa mwaminifu anaanza kukohoa. Lakini ukipiga ukurasa mzima mara moja, kwenye waya wa njano hautasomeka. Piga robo ya ukurasa kwa picha moja, karibu, mchana, bila kivuli cha mkono wako. Jaribu, uone kama aliye nyuma anasoma namba. Kama hasomi, sogea tena. Wale wasiojua kusoma maneno wengi wanajua namba, hasa namba za pesa yao, msiwadharau.

Umeme na mahali

Penye sola, fanyeni hesabu kabla. Televisheni ndogo ya inchi 24 hutumia kama wati 25 au 30, king'amuzi kama 10. Jumla tuseme 40. Kwa mkutano wa saa mbili mnahitaji wati-saa 80. Betri ya gari ya volti 12 yenye 50 inabeba 600 ikiwa nzima na imejaa, lakini si vizuri kuishusha chini ya nusu. Kwa hiyo inatosha na kubaki, mradi tu mwenye nyumba asiwe amechaji simu za kijiji kizima usiku uliopita.

Msiweke kioo kielekee mlango au dirisha, mtaona mwanga wa nje badala ya picha. Wakiwa zaidi ya ishirini na tano, gawanyeni wawe makundi mawili, au watoto na wafupi wakae mkekani mbele. Ngurumo za alasiri zikianza, na mnazijua za kwetu, zimeni na mchomoe hata waya wa dishi. Mvua juu ya mabati haiwapi watu kusikilizana hata hivyo.

Kuna neno kuhusu nyumba yenyewe. Televisheni mara nyingi iko kwa mzee mwenye uwezo, na mkutano ukihamia sebuleni kwake, kina mama wengine hukaa kimya kama wageni. Mzee hana ubaya, ndivyo mambo yalivyo. Ikiwezekana bebeni televisheni hadi darasani au ukumbi wa kanisa.

Kuzungumza juu ya picha

Kanisa la Kenya lina historia katika jambo hili. Kuanzia mwaka 1974 palikuwa na mafunzo yaliyoitwa DELTA, yaliyoongozwa na Anne Hope na Sally Timmel, na majimbo mengi ya Kikatoliki yalipeleka watu wao. Mwaka 1984 walitoa vitabu vyao vya mafunzo ambavyo wafanyakazi wa jamii wengi tulifundishwa navyo. Walichukua mawazo ya Paulo Freire wa Brazili, aliyefundisha watu wazima kusoma kwa kuanza na picha ya maisha yao wenyewe. Picha haikuwekwa ili ifundishe. Iliwekwa ili iulize. Siku zile tulitumia mchoro mkubwa wa karatasi, na mchoro ulikuwa wa kijiji chochote. Leo mna picha ya kijiji chenu.

Kwa hiyo mwenye rimoti asihubiri. Aweke picha na kuuliza: mnaona nini hapa? Awaache waseme hata vitu vidogo. Halafu: kwa nini iko hivyo? Imewahi kutokea kwetu? Ilianzia wapi? Na mwisho: tunaweza kufanya nini sisi wenyewe kabla ya kumwita mtu? Maswali haya yakifuatana hivyo, watu watafika mbali. Ukiruka la kwanza na kwenda la mwisho, atajibu mwenyekiti peke yake.

Mfano mzuri wa hapa kwetu ni tumbaku. Pigeni picha ya shamba la tumbaku, kibanda cha kukaushia, rundo la kuni kando yake, halafu mlima ule ambako kuni zilitoka. Mfuatishe shamba la jirani aliyehamia maharage au mahindi, na ukurasa wake wa mapato. Simwambii mtu aache tumbaku. Wapo waliosomeshea watoto kwayo. Lakini kuni, mlima, saa za kina mama na watoto kibandani usiku, na pesa ya mwisho baada ya kukatwa mkopo wa mbolea, vikikaa pamoja kwenye kioo kimoja, mazungumzo yanabadilika. Pigeni kila mwaka mkiwa mmesimama palepale, karibu na jiwe au mti uleule. Picha mbili za mahali pamoja zikipishana miaka mitatu zinasema juu ya mmomonyoko kuliko afisa yeyote.

Ruhusa

Picha ikikuzwa mbele ya watu si picha ileile tena. Mama aliyekubali kupigwa picha akiwa na mtoto mgonjwa zahanati hakukubali ionyeshwe kwa majirani sitini. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na Katiba ya 2010 katika kifungu cha 31 inalinda faragha ya kila mtu. Kwa mtoto, ruhusa ni ya mzazi au mlezi, na hata akikubali mnapaswa kujiuliza kama inamfaa mtoto mwenyewe. Lakini hata bila sheria, ulizeni. Ulizeni mara mbili: wakati wa kupiga, na kabla ya kuonyesha. Akisema hapana, picha inafutwa, naye asiombwe kueleza sababu.

Kuna picha ambazo nasema zisiwekwe kwenye flashi ya kikundi kabisa. Tunajua Desemba za kwetu. Ukeketaji umekatazwa na sheria ya mwaka 2011, lakini wasichana bado hukimbia nyumbani likizo inapofika, na wengine hupokelewa kwenye vituo, shuleni na kwa masista. Vikundi vyetu hupeleka unga na sabuni huko, na mtu anapiga picha ya kukabidhi vitu. Nyuma ya gunia la unga wamesimama wasichana, nyuso wazi, na sare ya shule inasomeka jina. Picha hiyo ikiwekwa kwenye televisheni nyumbani kwa mtu, mjomba wa msichana anaweza kuwa ameketi palepale. Sasa anajua aliko. Pigeni picha ya unga. Pigeni mikono ikipokea. Wasichana wasiwemo hata kwa mgongo, kwa sababu mgongo wa mtoto wako unaujua.

Hali kadhalika picha za misafara ya jando. Mnafurahia vijana, lakini kwenye umati mmoja huwa kuna msichana aliyevishwa leso na kushikiwa mwavuli. Tazameni kila picha pembe hadi pembe kabla haijakwenda mbele ya watu, na aitazame mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, maana macho yao hayaoni mambo yaleyale.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Picha za kikundi chetu ziko wapi leo, na ni nani mwingine anayetumia flashi, kadi au simu hiyo?

2. Nyumbani ambako king'amuzi kipo, nani hushika rimoti? Je, anajua maana ya neno lile FORMAT? Nani atamweleza, na lini?

3. Tukiweka ukurasa wa daftari la fedha kwenye televisheni mkutano ujao, nani atafurahi na nani atakuwa na udhuru siku hiyo?

4. Katika picha tulizo nazo, ni ipi ambayo mwenyewe hakuulizwa? Katibu aende kwake wiki hii akamuulize.

5. Chagueni sehemu moja yenye korongo au mteremko mbaya. Wekeni jiwe la kusimamia, mpige picha ya kwanza kabla ya mvua za Machi, na muandike tarehe kwenye daftari.